Kuingia si Kufaa: Namna ya Kuchagua Rafadha ya Kubadilishia Katika Boti ya Mashine

Rafadha ni kifaa chenye mapanga yaliyopindwa kinachofungwa mwishoni mwa shafti ya mashine ya boti, ambacho kinapozunguka husukuma maji nyuma na hivyo kukipeleka chombo mbele. Mafundi wengi wa pwani na wa maziwa makuu huiita propela, na wapo wanaoiita pangaboi kwa kuifananisha na feni. Panga linapovunjika kwa kugonga mwamba, au kingo zinapolika kwa kukwangua mchanga kila maji yanapokupwa, mwenye boti kwa kawaida huifungua rafadha yake, huibeba hadi dukani na kuomba nyingine inayofanana nayo. Muuzaji huziweka sambamba, huhesabu meno ya ndani, hutazama kama ukubwa unalingana, na biashara huishia hapo. Utaratibu huo unajibu swali moja tu, yaani kama rafadha mpya itaingia kwenye shafti, na unaliacha bila kuguswa swali lililo zito zaidi, yaani kama itaifaa mashine ile ikiwa imefungwa kwenye boti ile na kubeba mzigo ule. Tena unachukulia kwamba rafadha ya zamani ilikuwa sahihi, dhana ambayo mara nyingi haina msingi, kwa kuwa mashine nyingi hununuliwa mkononi, huhamishwa kutoka dau hadi boti ya fiba na kurudishwa kwenye mashua ya mbao, na rafadha hufuata kama mkia bila mtu kuuliza ilichaguliwa kwa ajili ya chombo gani.

Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi mashine za kupachika, yaani zile zinazofungwa kwa nje kwenye ubao wa tezi, kwa sababu ndizo zinazoonekana sana katika boti za uvuvi, za abiria na za watalii Afrika ya Mashariki. Kanuni zenyewe hazibadiliki kwa mashine ya ndani, ingawa vifungio vyake ni tofauti.

Namba zilizopigwa kitovuni

Kitovu ni lile bomba la katikati ambalo mapanga yameota juu yake, na hapo, au kwenye shina la panga mojawapo, hupigwa namba mbili zilizotenganishwa kwa alama ya kuzidisha, kwa mfano 11 x 13. Namba ya kwanza daima ni kipenyo na ya pili ni hatua, na zote huwa kwa inchi. Kipenyo ni upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga yanapozunguka. Hatua, ambayo mafundi huita pichi, ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita katika kitu kigumu, mithili ya parafujo inayozama kwenye ubao wa mninga. Rafadha ya hatua ya inchi 13 ingesogea sentimita 33 kila inapozunguka mara moja. Lakini maji si mninga, hivyo boti husogea pungufu ya hapo, na upungufu huo huitwa mtelezo. Wala mtelezo si kasoro, kwa kuwa rafadha isiyoteleza hata kidogo haisukumi maji na kwa hiyo haina nguvu ya kukiendesha chombo.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kufahamika, kwa sababu ndiyo inayomwezesha mwenye boti kuzungumza na muuzaji kwa namba badala ya hisia. Mashine inayozunguka mara 5000 kwa dakika, ikiwa uwiano wa gia zake za chini ni 2 kwa 1, huizungusha shafti ya rafadha mara 2500 tu. Mizunguko 2500 ikizidishwa kwa sentimita 33 hutoa mita 825 kwa dakika, sawa na takriban kilomita 49.5 kwa saa, na hiyo ndiyo kasi ambayo boti ingekuwa nayo kama mtelezo usingekuwepo. Ikiwa simu yenye GPS inaonyesha kilomita 39 kwa saa, kilomita 10.5 zimepotelea majini, yaani asilimia 21. Boti nyepesi inayoinuka na kupanda juu ya maji kwa kawaida hupoteza kati ya asilimia 10 na 20, ilhali boti nzito inayolima maji hupoteza zaidi na haipaswi kuhukumiwa kwa kipimo hicho. Kinachostahili kutiliwa shaka ni mabadiliko: boti iliyokuwa ikipoteza asilimia 20 mwaka jana na leo inapoteza 35 kwa mzigo uleule ina panga lililopinda, kitovu kinachoteleza, au uchafu mwingi uliojishikiza chini yake.

Katika namba hizo mbili, ile inayochaguliwa hasa na mwenye boti ni hatua. Kipenyo hutokana na nguvu ya mashine na uwiano wa gia zake, na hubanwa na nafasi iliyopo kati ya shafti na lile bamba la ulalo lililo juu ya rafadha, kwa hiyo watengenezaji hukibadilisha kidogo tu katika kundi moja la mashine. Imani kwamba rafadha kubwa ndiyo yenye nguvu imeota mizizi, lakini historia ya kifaa hiki imeipinga tangu mwanzo. Mwingereza Francis Pettit Smith, aliyepata hataza ya rafadha yake mwaka 1836, alikuwa akiijaribu mferejini mwaka uliofuata ikiwa imetengenezwa kwa mbao kwa umbo la parafujo ndefu ya mizunguko miwili. Ilivunjika nusu yake kwa ajali, na boti badala ya kupunguza mwendo ikauongeza.

Baadhi ya watengenezaji huongeza herufi baada ya namba, na herufi hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Katika rafadha za Yamaha, kwa mfano, maandishi 9 1/4 x 9 - J1 humaanisha kipenyo cha inchi tisa na robo, hatua ya inchi tisa, na kundi J la mashine ndogo, ambamo zimo zile za nguvu za farasi 9.9 na 15. Mashine za nguvu za farasi 40 hadi 60 ziko katika kundi G, na zinazofuata kwa ukubwa ziko katika kundi K. Mnunuzi anayetaja herufi pamoja na namba huokoa muda wake na wa muuzaji.

Mara nyingi namba hizo huwa zimefutika kwa kutu, rangi na mchanga, na hapo hakuna budi kupima. Kipenyo hupatikana kwa kupima kutoka katikati ya tundu la shafti hadi ncha ya panga moja na kuzidisha kwa mbili; kupima kutoka ncha hadi ncha hakufai kwenye rafadha ya mapanga matatu, kwa kuwa ncha mbili hazikabiliani. Hatua huhitaji uvumilivu kidogo. Rafadha hulazwa mezani, upande unaotazama giaboksi ukiwa chini, ili uso wa panga unaosukuma maji uelekee juu. Kwenye uso huo huchaguliwa umbali kutoka katikati ulio sawa na asilimia 70 ya nusu kipenyo, kwa hiyo rafadha ya kipenyo cha inchi 10 itapimwa kwenye inchi tatu na nusu. Kwa umbali huo hutiwa alama mbili za chaki, moja karibu na ukingo wa mbele wa panga na nyingine karibu na ukingo wa nyuma. Kisha kimo cha kila alama kutoka mezani hupimwa kwa rula, na pembe iliyopo kati ya alama hizo, ikitazamwa kutoka katikati ya tundu, hupimwa kwa kipima pembe cha mwanafunzi. Tofauti ya vimo ikizidishwa kwa 360 na kugawanywa kwa pembe hutoa hatua. Ikiwa tofauti ni inchi mbili na pembe ni digrii 60, hatua ni inchi 12. Jibu linaweza kukosea kwa nusu inchi au zaidi, hasa kwa panga ambalo mpindo wake huongezeka kuelekea nyuma, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukisia.

Kuingia

Masharti ya kuingia hayana majadiliano. La kwanza ni meno ya shafti, yaani mifereji iliyochongwa kwenye shafti ambayo hukamatana na meno yaliyo ndani ya kitovu. Katika makundi ya Yamaha yaliyotajwa, J ina meno 8 na G ina meno 13, kwa hiyo hakuna juhudi itakayoifunga moja mahali pa nyingine. Hata hivyo idadi ya meno peke yake haitoshi, kwa sababu shafti mbili zinaweza kuwa na meno sawa na kutofautiana kwa unene, kwa urefu au kwa mteremko wa sehemu inayokaa ringi ya msukumo. Mashine ndogo kabisa hazina meno. Rafadha yake hushikwa na pini inayopita katikati ya shafti, na pini hiyo imetengenezwa laini makusudi ili ikatike rafadha inapogonga kitu. Desturi ya kuibadilisha kwa kipande cha msumari ni ya hasara, maana msumari haukatiki, na kinachokatika badala yake ni jino la gia.

Sharti la pili ni mkono wa rafadha, yaani upande inaozungukia. Rafadha ya mkono wa kulia huzunguka kama mishale ya saa ikitazamwa kutoka nyuma ya boti inapokwenda mbele, nayo ndiyo ya kawaida. Ya mkono wa kushoto hutumika hasa kwenye boti zenye mashine mbili, ambapo moja huzunguka kinyume cha mwenzake ili boti isivutwe upande mmoja. Kuzitambua ni rahisi: rafadha hulazwa mezani tundu likitazama juu, na panga lililo karibu na mtazamaji huangaliwa kwa ubavu. Likipanda kuelekea kulia, rafadha ni ya mkono wa kulia; likipanda kuelekea kushoto, ni ya kushoto. Rafadha ya mkono usio wake itaingia vizuri kabisa kwenye shafti, kisha boti itarudi nyuma gia ikiwa ya mbele.

Sharti la tatu ni njia ya moshi. Mashine nyingi za ukubwa wa kati na kubwa hutoa moshi kupitia ndani ya kitovu, ambacho kwa ajili hiyo huwa na uwazi mpana unaozunguka bomba la ndani. Nyingine hutoa moshi juu ya rafadha, na kitovu chake huwa chembamba. Mdomo wa kitovu usipolingana na mdomo wa giaboksi, moshi huvujia kwenye mapanga, nayo hushika povu badala ya maji.

Kufaa

Baada ya masharti hayo ndipo kazi yenyewe huanza. Rafadha hufanya kwenye boti kazi ambayo gia hufanya kwenye gari, ila boti imepewa gia moja tu, na gia hiyo huchaguliwa dukani. Hatua kubwa ni mfano wa gia ya juu, hatua ndogo ni mfano wa gia ya chini. Lori lililosheheni mizigo likiupanda mlima Kitonga kwa gia ya juu, kila mtu aliye ndani husikia injini ikilalamika. Boti iliyosheheni samaki na barafu ikisukumwa na rafadha ya hatua kubwa hulalamika vilevile, lakini mlio wake humezwa na upepo na mawimbi, na nahodha huendelea kuamini kwamba mashine imechoka.

Kipimo cha kufaa ni mizunguko ya mashine kwa dakika pale mkono wa mafuta unapofunguliwa hadi mwisho. Kila kitabu cha mashine hutaja kiwango kinachotakiwa. Kwa mashine nyingi za mipigo miwili zilizotengenezwa kwa kazi ngumu kiwango hicho ni 4500 hadi 5500, na kwa nyingi za mipigo minne ni 5000 hadi 6000, ingawa kinachofuatwa ni kitabu cha mashine husika. Mashine ikishindwa kukifikia kiwango cha chini, rafadha ina hatua kubwa kuliko mzigo unavyoruhusu: mafuta mengi huchomwa kwa kazi ndogo, masizi hujaa kwenye plagi na vichwa vya pistoni, joto hupanda, na maisha ya mashine hufupika kimyakimya. Ikikivuka kiwango cha juu, hatua ni ndogo mno, na mashine huzunguka kwa kasi ambayo vyuma vyake havikukusudiwa. Katika makosa hayo mawili, la kwanza ndilo lililoenea zaidi kwenye boti za kazi, kwa sababu rafadha inayokuja na mashine mpya huchaguliwa kwa boti ya wastani, ilhali boti za kazi hupakiwa hadi maji yakaribie ukingo.

Kwa kuwa boti nyingi hazina takometa, yaani kipima mizunguko, wengi huamua kwa sikio, na sikio hudanganya. Zipo takometa ndogo za bei nafuu ambazo waya wake huzungushwa tu juu ya waya wa plagi bila kukata kitu chochote, nazo husoma kwa kuhesabu cheche. Jambo la kuangalia ni mpangilio wake: mashine ya mipigo miwili hutoa cheche kila mzunguko, ilhali ya mipigo minne inaweza kutoa kila mzunguko au kila mizunguko miwili kutegemea mfumo wake wa umeme, kwa hiyo takometa isiyopangwa sawasawa itatoa namba iliyozidi mara mbili au iliyopungua nusu. Kosa la ukubwa huo hujionyesha lenyewe.

Jaribio hufanywa kwa boti iliyosuguliwa chini, kwa mzigo inaoubeba siku nyingi, kwenye maji matulivu yenye kina. Baharini ni vyema kungoja maji mafu badala ya bamvua, kwa kuwa mkondo wa bamvua huvuruga vipimo vya kasi, na kila kipimo huchukuliwa mara mbili, kwenda na kurudi kwenye mstari uleule, ili wastani uondoe athari ya mkondo na upepo. Kisha jaribio hurudiwa boti ikiwa tupu. Namba mbili, ya mzigo na ya utupu, ndizo zinazoamua.

Kanuni inayotumiwa na mafundi wa rafadha ni kwamba kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika, na kuongeza inchi moja huipunguza kwa kiasi hichohicho. Boti ya uvuvi yenye mashine ya kiwango cha 4500 hadi 5500 na rafadha ya hatua ya inchi 13 inaweza kupatikana ikizunguka 5000 inapotoka tupu alfajiri, na 4300 tu inaporudi imesheheni. Anayeipima asubuhi peke yake atasema rafadha ni nzuri mno. Anayeipima jioni ataona mashine inanyongwa. Ikichukuliwa tofauti ya 200 kwa inchi, hatua ya inchi 12 huileta kwenye 4500 kwa mzigo, yaani mlangoni pa kiwango bila akiba yoyote. Hatua ya 11 huipa 4700 kwa mzigo na 5400 ikiwa tupu, na zote mbili ziko ndani. Hatua ya 10 ingeipa 4900 kwa mzigo, ila ikiwa tupu ingefika 5600 na kuvuka mpaka. Jibu la boti hiyo ni 11, na nahodha anapaswa kukubali kwamba asubuhi atafika uvuvini akiwa amechelewa kidogo. Anachofidiwa ni safari ya kurudi. Boti ya abiria kati ya Nyamisati na Kilindoni, ambayo mzigo wake ni karibu uleule kwenda na kurudi, ina uamuzi mwepesi zaidi, na boti ya kuwapeleka watalii kuzamia, nyepesi na yenye haraka, inaweza kubeba hatua kubwa bila madhara.

Ziwani kuna jambo jingine ambalo husahauliwa. Mashine isiyo na kisukuma hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu yake kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu hewa huwa nyepesi na oksijeni inayoingia kwenye silinda hupungua. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1134 juu ya usawa wa bahari, na wa Ziwa Tanganyika karibu mita 773. Mashine iliyokuwa ikifanya kazi barabara Dar es Salaam, ikihamishiwa Mwanza, Kisumu au Entebbe pamoja na boti yake na rafadha yake, hupungukiwa na zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu, na upungufu huo huonekana kama mizunguko iliyoshuka. Fundi asiyelijua hilo ataanza kufungua kabureta. Tiba ya kawaida ni hatua iliyopungua inchi moja au mbili, na wanaonunua mashine zilizotumika pwani kwa ajili ya uvuvi wa dagaa ziwani wangeweka fedha ya rafadha katika bei ya mashine tangu mwanzo.

Mapanga na madini

Rafadha ya mapanga matatu ndiyo ya kawaida na kwa boti nyingi inatosha. Panga la nne huongeza mshiko wa maji, hupunguza mtetemo na husaidia tezi kuinuka boti inapoanza kupanda juu ya maji, lakini huongeza pia mzigo kwa mashine, kwa hiyo anayehama kutoka matatu kwenda manne kwa kawaida hupunguza hatua kwa inchi moja hivi. Baadhi ya rafadha zina ukingo wa nyuma uliokunjwa kidogo kama mdomo wa kijiko. Mkunjo huo hushika maji vizuri zaidi kwenye mawimbi, na athari yake kwa mizunguko hukaribiana na kuongeza nusu inchi hadi inchi nzima ya hatua, jambo ambalo namba za kitovuni huenda zisilitaje.

Kuhusu madini, maoni yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko alumini. Ni bora kwa mwendo, kwa kuwa mapanga yake huweza kuwa membamba na hayapindi kwa msukumo wa maji, nayo hudumu. Hata hivyo ugumu huohuo ni hatari pale penye matumbawe na miamba, maana rafadha isiyovunjika hulipeleka pigo kwenye shafti na gia, ambazo bei yake haifanani hata kidogo na bei ya rafadha. Kwa boti inayopita kila siku juu ya mwamba kwa maji haba, alumini ndiyo chaguo la busara: hupinda au kuvunjika yenyewe na kuinusuru giaboksi. Anayechagua chuma kisichoshika kutu katika maji ya chumvi ajue pia kwamba madini mawili tofauti yanapokutana ndani ya maji hayo huharakisha kulika kwa alumini ya giaboksi, kwa hiyo kile kipande cha zinki kinachofungwa ili kilike badala yake kinahitaji kukaguliwa mara kwa mara. Rafadha za plastiki ngumu zinafaa kwa mashine ndogo na kwa akiba.

Alumini iliyopinda huweza kunyooshwa na kuchomelewa, ila kila inapotiwa moto hudhoofika, na ikigongwa ikiwa baridi hupasuka. Panga lililorudishwa kwa macho tu huwa na mpindo usiolingana na wenzake, na boti hutetemeka mpaka oili sili za shafti zinaachia.

Kabla ya kununua, na wakati wa kufunga

Si kila rafadha inayoonekana imekufa inahitaji kubadilishwa, na si kila dalili ya rafadha mbovu inatokana na mapanga. Katika mashine zenye meno ya shafti, ndani ya kitovu kuna mpira uliobanwa kati ya bomba la ndani na mwili wa nje, ambao hupokea mshtuko na kuteleza pigo linapokuwa kubwa. Mpira huo ukichoka, boti huenda vizuri kwa mwendo mdogo, lakini mafuta yakiongezwa mashine hupiga kelele na mwendo hauongezeki. Uchunguzi wake hauhitaji fundi: mstari mmoja wa rangi huchorwa nyuma ya kitovu, kuanzia kwenye bomba la ndani, kupita juu ya mpira, hadi kwenye mwili wa nje, kisha boti huendeshwa kwa nguvu kwa dakika kadhaa. Mstari ukirudi umekatika, kipande cha ndani kikiwa kimeuacha cha nje, mpira ndio mgonjwa. Wapo wanaotoboa kitovu na kupigilia bolti ili kisiteleze tena. Tendo hilo linafaa kwa kuifikisha boti bandarini siku hiyo tu, kwa sababu baada yake kila pigo huishia kwenye gia.

Dalili inayofanana na hiyo hutokea pia rafadha inapovuta hewa kutoka juu ya maji, hasa mashine ikiwa imefungwa juu mno. Lile bamba la ulalo linapaswa kuwa takriban usawa na sehemu ya chini kabisa ya boti au juu yake kwa inchi moja hivi. Likiwa juu zaidi, kununua rafadha mpya hakutasaidia. Tofauti na hilo ni kavitesheni, yaani hali ambapo shinikizo mgongoni mwa panga hushuka kiasi kwamba maji huchemka bila moto, na viputo vya mvuke vinapopasuka hutoboa madini vitundu kama vya ndui. Vitundu hivyo vikianza nyuma ya ukingo wa mbele, chanzo huwa pengo au mpindo kwenye ukingo huo.

Rafadha ya zamani inapofunguliwa, nyuma yake mara nyingi hukutwa mshipi wa nailoni au uzi wa nyavu umejisokota kwenye shafti. Uzi huo hukata oili sili, maji huingia kwenye giaboksi, na oili ikimwagwa hutoka nyeupe kama maziwa. Hapo giaboksi hutengenezwa kwanza, na rafadha mpya hungoja. Shafti husafishwa na kupakwa grisi ya baharini isiyosombwa na maji, ambayo isipowekwa rafadha huganda kwa chumvi na kuja kutolewa kwa nyundo. Ringi ya msukumo, ambayo ndiyo inayopokea nguvu yote ya rafadha na kuipeleka kwenye shafti, hurudishwa ikiwa imeelekea kama ilivyokuwa. Ikisahauliwa, kitovu husagana na giaboksi. Nati hukazwa kama kitabu kinavyoelekeza, na kotapini, yaani ile pini ya miguu miwili inayopindwa, huwekwa mpya kila mara, kwa kuwa iliyokwisha kupindwa mara moja hukatika kwa urahisi ikipindwa tena. Wakati wote wa kazi hiyo gia huwa huru na waya za plagi huwa zimechomolewa, maana kuizungusha rafadha kwa mkono kunatosha kuwasha baadhi ya mashine.

Rafadha ya zamani, ikiwa mapanga yake bado yanaweza kuirudisha boti nyumbani, hubaki chomboni kama akiba, ndani ya gunia moja pamoja na nati, ringi, kotapini mbili, koleo na spana inayoingia kwenye nati hiyo.